Kwenda kambi ya macho na mama, mume na binti yangu

Nikikaa na manesi wenzangu wa huku Uingereza, hasa wenye asili ya Tanzania na Kenya, tukianza kuongelea hizi safari za kujitolea kwenda kutibu watu nyumbani, lazima mmoja aniulize, hivi na familia inawezekana? Inawezekana, mi nimeenda na familia yangu na nikijaliwa nitaenda nao tena, ila jibu langu lina sharti moja ambalo nalisema kila mara hata kama mtu ataniona mkali: kila mtu unayempandisha ndege awe na kazi ambayo hospitali ya kule imeiomba. Kama hajaombwa abaki, au aje likizo kama likizo, akale ugali na samaki kwa shangazi na kuogelea Pangani, hakuna ubaya wowote, lakini asiingie wodini.

Mi ni nesi wa macho, naishi Leicester, nimezaliwa Tanga. Mume wangu ni fundi umeme. Binti yetu alikua na miaka 17 tulipoenda, amezaliwa huku huku, Kiswahili chake cha kuombea maji na kusalimia. Na mama yangu yuko Tanga, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaongea Kibondei cha kwao na Kisambaa cha majirani na Kiswahili cha darasani kile cha kunyooka. Wengine kwenye timu walikua daktari bingwa mmoja wa macho Mwingereza, nesi mwenzangu wa thieta, na dada mmoja wa Mombasa ambae ni mpima macho. Hospitali iliyotupokea ipo ndani ndani mkoa wa Tanga, sitaitaja jina maana sikuwaomba ruhusa ya kuwaandika.

Nianze na makaratasi maana hapo ndo watu wengi wanakwama halafu wanasema Bongo urasimu. Daktari wa nje hawezi kushuka uwanja wa ndege leo kesho akashika kisu. Anatakiwa asajiliwe kwa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika, nesi asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na dawa na vifaa vya msaada vinaombewa kibali TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kabla havijaondoka huku. Mi naona ni sawa kabisa na tena inanifurahisha, maana huku Leicester hakuna daktari anaekuja kutoka popote akaingia thieta bila usajili, sasa kwa nini macho ya bibi wa Handeni yalindwe kidogo kuliko macho ya bibi wa Leicester? Na dawa pia zina utaratibu wake. Mwongozo wa WHO wa dawa za msaada unasema dawa ikifika nchini iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuexpaya. Nimewahi kuona stoo ya kituo kimoja cha afya, sio hapo tulipoenda, maboksi yamepangwa mpaka dari, matone ya macho na antibiotiki zilizoletwa na kundi fulani zikiwa zimebakiza wiki chache, afu wenyeji ndo wakabaki na mzigo wa kuziteketeza, na kuteketeza dawa kuna gharama. Waliozileta walishapiga picha zao wameondoka.

Sasa nieleze kidogo kambi ya macho inafanyaje kazi ili mwelewe kwa nini nasema familia ina nafasi.

Kitu kikubwa tunachotibu ni mtoto wa jicho. Ndo sababu namba moja ya upofu duniani, na ni upofu unaotibika, yaani mtu amekaa gizani miaka na dawa yake ni operesheni ya muda mfupi. Lenzi ya ndani ya jicho inakua na ukungu, inaondolewa, inawekwa ya plastiki. Huku Uingereza tunatumia mashine ya mawimbi ya sauti inayovunja ile lenzi ndani kwa ndani na kuifyonza, mashine ghali, vifaa vyake ghali, na wagonjwa wetu huku wanakuja mapema, jicho bado linasoma herufi za juu za chati. Kule nyumbani mgonjwa anakuja na mtoto wa jicho aliekomaa, mweupe kama maziwa, mgumu, mtu anaona mwanga tu wa mlango. Kwa jicho la hivo njia inayotumika sana ni ya mkono, daktari anachonga kinjia kidogo pembeni ya jicho, anaitoa lenzi nzima, anaweka mpya, na kile kinjia kinajifunga chenyewe mara nyingi bila hata mshono. Njia hiyo imepata umaarufu mkubwa kupitia Dk. Sanduk Ruit wa Nepal, ambae kituo chake cha Tilganga pale Kathmandu, kilichofunguliwa 1994, kilianza pia kutengeneza lenzi zake kwa bei ndogo sana kuliko za nchi tajiri. Wahindi wa hospitali ya macho ya Aravind pale Madurai walifanya hivohivo 1992 na kiwanda chao cha Aurolab. Bila hizo lenzi za bei nafuu hizi kambi zote mnazoziona zisingekuwepo.

Na hapo hapo niwape hii ya Aravind maana inahusu familia moja kwa moja. Dk. Govindappa Venkataswamy alikua daktari wa macho wa serikali, vidole vyake vimepindishwa na ugonjwa wa baridi yabisi tangu kijana, akastaafu, na 1976 akaanzisha hospitali ya vitanda 11 tu. Aliwaingiza ndugu zake, dada yake, shemeji yake, wadogo zake, wengine madaktari na wengine sio, mmoja anashika ujenzi mwingine hesabu, na leo ni moja ya taasisi kubwa kuliko zote za macho duniani. Mi nikisoma habari zao nilitulia kabisa, nikasema kumbe ukoo mzima unaweza kuwa timu ya matibabu bila kila mtu kuvaa koti jeupe. Yuko pia yule daktari wa Marekani, Gary Parker, bingwa wa upasuaji wa uso na taya, alipanda meli ya hospitali ya Mercy Ships miaka ya 80 akidhani ni kwa muda mfupi, akakutana na mke wake humo humo melini, na watoto wao wakakulia humo, meli ikiwa imetia nanga bandari moja ya Afrika leo na nyingine mwakani. Na kwenye zile meli wapishi, walimu, mabaharia, mafundi, wote ni wa kujitolea na wanachangia gharama zao wenyewe za kuishi. Daktari ni sehemu ndogo tu ya watu wanaohitajika.

Turudi Tanga.

Hospitali ilipotuandikia kabla ya safari walitaja wazi wanataka nini. Walishakua na daktari wao wa mtoto wa jicho, na hapa nataka watu wa huku wanielewe vizuri. Tanzania imefundisha miaka mingi madaktari wasaidizi, wale AMO, wabobee upasuaji wa mtoto wa jicho, mafunzo yao KCMC, ile hospitali ya rufaa ya Moshi. Huyu kaka tuliyemkuta ni mmoja wao. Daktari wetu bingwa kutoka Uingereza, mtu mzuri na msomi, siku ya kwanza alikaa pembeni akiangalia yule kaka anavyofanya kazi kwa mkono, bila ile mashine ya mawimbi, jicho baada ya jicho, haraka na kwa utulivu, na jioni akatuambia nimejifunza leo kuliko kongamano lolote. Nilipenda sana alivyolisema mbele ya watu. Kwa yale macho magumu yule kaka ndo alikua fundi mkuu na mgeni ndo mwanafunzi, na kambi ikaendeshwa hivo mpaka mwisho.

Kwa hiyo shida yao haikua ujuzi. Shida ilikua lenzi zinaisha, nyuzi zinaisha, gel ya ndani ya jicho inaisha, umeme unakatika, otoklevu, ile mashine ya kupikia vyombo vya thieta kwa mvuke, inagoma, na wagonjwa walioandikwa kuja hawaji. Vitu viwili vya mwisho ndo nilivyowapelekea mume wangu na mama.

Mume wangu kwanza. Alikua na wasiwasi sana kabla ya safari, anasema mi hospitali naenda kufanya nini, nitakua nawasumbua. Siku tumefika fundi wa vifaa tiba wa pale, kijana mmoja anaehudumia hospitali nzima peke yake, alimpeleka stoo. Humo kuna mashine za msaada za kila aina na zimelala. Kuna utafiti ulichapishwa 2011 uliokusanya taarifa za hospitali za nchi maskini ukakuta karibu asilimia 40 ya vifaa tiba havifanyi kazi, na sababu kubwa ni mafunzo, usimamizi na miundombinu, yaani mambo ya kawaida kabisa. Ndo walichokiona pale. Mashine imetoka Marekani ya volti 110, imechomekwa kwenye 230 ya kwetu, imeungua siku ileile iliyofika. Nyingine nzima kabisa imekosa waya wa umeme tu. Nyingine fyuzi. Na kwa bahati nzuri soketi za Tanzania na Uingereza ni zilezile za pini tatu za mraba, kwa hiyo vile vifaa alivyobeba kwenye begi lake viliingia bila adapta yoyote.

Sasa mume wangu sio fundi wa vifaa tiba, ni fundi umeme wa majumbani, na alisema hilo tangu dakika ya kwanza na akawa hafungui kitu bila yule kijana kuwepo. Walichofanya pamoja ni vitu vya msingi. Walifuatilia nyaya za thieta, wakakuta soketi ya otoklevu imelegea na inachemka, wakabadilisha. Wakaweka stabilaiza. Wakaiunganisha taa ya maikroskopu na betri ili umeme ukikatika daktari asiachwe gizani na jicho likiwa wazi, maana kabla ya hapo ilikua nesi anawasha tochi ya simu wakisubiri jenereta. Naomba mfikirie hilo kidogo, jicho la mtu limefunguliwa, na mwanga ni wa simu. Umeme ulikatika tukiwa thieta baadae, na taa ya maikroskopu ikabaki inawaka, daktari hata mkono hakuusogeza, na mi nikamwona mume wangu kwa kioo cha mlango amesimama koridoni ameshika kifua. Mume wangu sio mtu wa kulia ila siku ile.

Binti yangu. Hapa ndo nina msimamo na sitaubadilisha. Mtoto wa miaka 17 haingii thieta, hamwekei mtu matone, hapimi presha, hafungi wala hafungui bandeji, hata kama anataka kusomea udaktari, hata kama wenyeji kwa ukarimu wao watasema acha mtoto ajifunze. Kipimo changu ni kimoja, kama huku Leicester asingeruhusiwa basi na kule haruhusiwi. Nimeona vijana wa makundi mengine, sio wa timu yetu, wakiachiwa kuchoma watu sindano Afrika wakati kwao hata kugusa faili la mgonjwa hawaruhusiwi, afu picha inapelekwa kwenye maombi ya chuo. Inanikera mpaka leo. Yule anaechomwa ni baba wa mtu.

Kazi yake ilikua meza ya usajili. Mtaona ni kazi ndogo ila kambi nzima inasimamia hapo, maana jina likikosewa, au jicho la kulia likaandikwa la kushoto, madhara yake ni makubwa. Aliandika majina matatu ya kila mtu, kijiji, kitongoji, namba ya simu, na kama mgonjwa hana simu basi ya jirani au mjukuu au ya mwenye duka. Na umri. Hapo ndo mama yangu alikua anamsaidia maana wazee wengi mwaka wa kuzaliwa hawaujui. Mtoto anauliza umri, bibi anajibu we andika tu mwanangu. Basi mama anaingia, shikamoo bibi, marahaba, ee bibi wakati wa Uhuru ulikua umeshavunja ungo? Anasema wakati wa Uhuru nilikua nishazaa wa kwanza. Haya 1961 ana mtoto, tuanzie hapo. Kwa wengine ni Azimio la Arusha, kwa wengine ni vita vya Kagera, nilikua nishaoa wakati wa Nduli Idi Amin. Binti yangu historia ya Tanzania aliisomea pale mezani kupitia matumbo ya wale bibi, na kila jioni anamuuliza bibi yake, Nduli ndo nani, kijiji cha ujamaa kilikuaje, mbona yule babu alisema walihamishwa. Vitu hivyo mi nimejaribu kumfundisha miaka yote huku hakuvijali. Na shikamoo yake ilinyooka yenyewe, siku ya kwanza anaitoa puani, siku za mwisho anainama kidogo na mikono nyuma bila kuambiwa.

Aliniambia kitu usiku mmoja tumelala chumba kimoja na neti imetufunika, akasema mama sikujua kazini unaongea hivo. Nikamuuliza hivo vipi. Akasema taratibu. Mtoto aliekaa na mi miaka yote hajawahi kuniona kazini, ananiona tu nimerudi nimechoka navua viatu mlangoni.

Mama sasa. Nikiambiwa nichague mtu mmoja tu wa kwenda nae tena nitamchagua mama, na wenzangu wa timu wote watakubali.

Mama alikaa kwenye benchi. Basi. Asubuhi anafika kabla yetu sote, amevaa kanga zake, anakaa katikati ya wagonjwa sio mbele yao. Kuna uvumi uko vijijini muda mrefu, kwamba kwenye operesheni ya macho wanalitoa jicho wanaliweka kwenye sahani wanaliosha wanalirudisha. Watu wanaamini kabisa, na ukisema tu sio kweli ukiwa umesimama na magwanda ya thieta hakuna anaekusikiliza, anaitikia ndiyo nesi afu kesho haji. Mama alikua anawaacha waseme mpaka mwisho, hamkatishi mtu, kisha anawaeleza kwa Kibondei au kwa Kisambaa, anatumia mkono wake kuonyesha, jicho liko hapa halitoki, kinachotoka ni kidude cha ndani kilichoharibika. Na yeye mwenyewe alishafanyiwa macho yote mawili, kwa hiyo anawaambia niangalieni, haya mbona yapo. Wanamwangalia kwa karibu kabisa wale wanaoona kidogo, wengine wanamshika uso.

Afu kuna swala la wanawake. Inajulikana duniani kwamba wanawake wanapofuka kwa wingi kuliko wanaume na huku operesheni wanaipata kwa shida zaidi, na mama alinionyesha kwa nini bila kusoma ripoti yoyote. Bibi anakataa operesheni, anasema haogopi, ila nikilala huku kuku zangu nani atafungia. Au wajukuu nani atawapikia. Au anasema mpaka nimwambie mwanangu wa Dar. Mama anamwambia lete namba ya huyo mwanao. Anapiga pale pale, anaitikia shikamoo ya yule kijana, ee baba mi ni mwalimu wa zamani niko hapa na mama yako, kesho anafanyiwa macho na hakuna malipo, nani huko nyumbani wa kukaa na wajukuu siku mbili? Wale vijana wa Dar hawana la kumjibu mwalimu. Tulikua na bibi mmoja aliekuja anaongozwa na mjukuu wa darasa la nne, mtoto amekosa shule muda mrefu kwa ajili ya kumshika bibi mkono, na mama alichukulia lile kama kesi yake binafsi, aliwapigia ndugu wa yule bibi mpaka wakaja.

Na kuna babu mmoja lazima nimwandike. Alikuja akiwa na matumaini makubwa maana jirani yake alishafanyiwa na anaona. Dada wa Mombasa akampima, tukamwangalia kwenye taa ya kukagulia jicho, ni presha ya macho, mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho umeshakufa macho yote mawili. Pale hakuna operesheni ya kurudisha, presha ya macho ikishaua mshipa ndo basi, unachoweza ni kulinda kilichobaki na yeye hakikubaki kitu. Daktari wetu alimweleza vizuri na kwa heshima, nikatafsiri, babu akaitikia kwa kichwa, akatoka. Kwa sisi foleni inaendelea. Mama akamfuata nje akakaa nae. Sijui waliongea nini kwa muda wote ule, ila mama alirudi akaniuliza swali moja, huu ugonjwa unaenda kwa damu? Nikamwambia ndiyo, watoto wa mtu mwenye presha ya macho wako kwenye hatari zaidi na wenyewe hawahisi chochote mpaka kumeharibika. Akatoka tena. Kesho yake babu akarudi na watoto wake watu wazima, na wadogo zake, wamepanda bodaboda kutoka kijijini, na yeye mwenyewe amekaa mbele ya foleni anawasimamia wapimwe mmoja mmoja. Wawili presha ziko juu na macho bado mazima. Wakaanzishiwa dawa siku hiyo hiyo na wakaingizwa kwenye kliniki ya hospitali.

Mi nimesomea macho, nina vyeti ukutani, na swali lile sikulifikiria mpaka mama aliponiuliza na benchi lake.

Nije kwenye pesa maana najua linakuja. Watu wanasema hizo nauli mngetuma tu, zingefanya operesheni ngapi. Ni hoja ya kweli na mi naiheshimu, na baada ya kwenda naiheshimu zaidi. Pale ambapo daktari mwenyeji anaweza kazi na anachokosa ni lenzi na nyuzi, kumpandisha ndege daktari wa pili ni kulipa nauli kwa ajili ya kitu ambacho hospitali haijakosa. Sisi tulijilipia wenyewe kila mtu, hatukuchangisha hata senti kwa ajili ya tiketi, tulichochangisha kilienda kwenye lenzi na matone tu na tulivinunua kwa orodha ya hospitali. Na kuna kitu nauli inanunua ambacho pesa ya kutuma hainunui, lakini hicho kitu ni taa ya maikroskopu kufungwa betri na yule kijana fundi akajua alivyoifunga, ni mama kukaa kwenye benchi. Ukiwa na hivyo nenda. Kama unaenda ili watoto wako wakaone umaskini washukuru wanachokula, naomba kwa upole sana usiende, yule bibi wa kuku hajakaa pale kuwa somo la mtoto wako.

Mambo madogo ya ratiba kwa anaepanga. Masika usiende, Machi mpaka Mei, barabara za ndani zinakatika na wagonjwa hawafiki. Mwishoni mwa Julai na Agosti ni pazuri, huku shule zimefungwa na kule kumekauka. Ramadhani pia acha ipite, mashehe wengi wanasema matone ya jicho hayafunguzi ila mzee wa pwani alieshika saumu hatokuelewa, ataacha matone mpaka jioni na jicho linaweza kuharibika. Watoto wapewe dawa ya malaria na walale ndani ya neti, hata yule anaejiona Mtanzania kamili. Na hakuna picha ya mgonjwa kwenye simu ya mtu yeyote wa familia yako, binafsi nilikusanya simu asubuhi nikarudisha jioni.

Mgonjwa akishafanyiwa anatakiwa aweke matone wiki kadhaa, na arudi kuangaliwa, na sisi wakati huo tulishapanda ndege. Hapo ndo kambi nyingi zinaharibika, jicho limefanywa vizuri afu likapata maambukizi nyumbani hakuna anaejua. Kliniki ya hospitali inashika hilo, na lile daftari la binti yangu lenye namba za majirani na wenye maduka ndo linatumika. Mama amechukua vijiji vya upande wa kwao, anapiga simu kwa zamu na nesi wa pale, babu umeweka matone, mara ngapi leo, jicho linauma, linatoa tongotongo? Akisikia neno linauma anampa nesi na nesi anamwita mgonjwa. Salio la simu tunatuma sisi kila mwezi.

Hospitali imeshatuandikia kuhusu safari ijayo. Wanataka lenzi, zaidi zile za nguvu 20 mpaka 23 maana ndo zinazoisha kwanza, balbu za maikroskopu, na wanauliza kama mume wangu anaweza kuja na mtu anaejua otoklevu vizuri ili yule kijana wao afundishwe kuifungua mwenyewe mpaka ndani. Daktari hawajaomba. Mi pia sijaombwa, wanasema manesi wa macho wanao wa kutosha mwaka huu. Kwa hiyo tiketi tunayotafuta sasa ni ya mume wangu na ya mtu wa otoklevu, tumeshaongea na jamaa mmoja mstaafu aliefanya kazi hiyo hospitali za huku, anasubiri kibali chake.